Salio kwenye Shavu la Kushoto

"Usicheke, mama," kijana aliniambia. "Ukicheka tunaanza upya."

Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, nywele zimefungwa kwa mfuko wa plastiki, uso mzima umepakwa vazelini hadi kwenye kope. Nyusi ndizo za kuangaliwa sana, alisema, maana plasta ikishika nywele haiachi, inatoka nazo. Kisha akaanza kunibandika vipande vya bandeji ya plasta, ile ile ya kufungia mguu uliovunjika, kimoja kimoja, akivichovya kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kipaji cha uso, mashavu, kidevu. Mwisho kabisa midomo na kingo za pua, akaniachia matundu mawili ya kupumulia.

Plasta ikikutana na maji hupata moto. Hilo sikulijua, na hospitalini nimefanya kazi miaka 11. Inaanza baridi kama tope, halafu polepole inapata joto kama shavu la mtoto mwenye homa, halafu inapoa na kuwa ngumu. Dakika 20 hivi. Macho umefumba, mdomo umefunga, masikio tu ndiyo yaliyobaki kazini. Nilisikia mvua ikianza juu ya mabati. Nilisikia mwanamume akigombana na dereva wa pikipiki huko barabarani kwa ajili ya chenji. Na kwa kuwa nilikatazwa kucheka, kicheko kikanipanda. Nikakaza uso.

Naomba mkumbuke huko kukaza, maana kinyago chote kilitoka hapo.

Mimi ni mtu wa kese, yaani mpokea malipo. Katika hospitali moja ya hapa Bukavu, ambayo sitaitaja, ninakaa nyuma ya dirisha lenye vyuma, na chini ya vyuma kuna tundu la kupitishia pesa. Yeyote anayetoka lazima apite kwangu. Bila karatasi yenye muhuri wangu, mlinzi hafungui geti. Msomaji wa Kongo hahitaji maelezo zaidi. Kwa walio mbali: mgonjwa akipona na deni halijaisha, anabaki. Anaweza kubaki wiki, anaweza kubaki mwezi, na kitanda kikihitajika anahamia mkekani. Au ndugu zake wanaacha kitu cha thamani, tunaandika, wanaondoka, wanarudi kukikomboa siku wakipata. Utaratibu huo sikuutunga mimi. Ila mdomo unaoutamka kila siku ni wangu.

Kazi hiyo ina sura yake. Huwezi kukaa pale na uso uliokunjuka, watakumaliza. Ukitabasamu mtu anaona kuna nafasi ya kujadiliana. Ukikunja uso kupita kiasi analalamika kwa wakubwa kwamba umemdharau. Kwa hiyo unatafuta sura ya katikati, isiyo na chochote, kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwaka 2020, tulipofunikwa wote barakoa (sisi tuliziita kashne), nilipumzika ajabu. Nyuma ya kitambaa nilikuwa nauma midomo, nalia kidogo, siku nyingine nacheka, na hakuna aliyejua. Barakoa zilipoondoka nilihuzunika, na sikumwambia mtu.

Halafu ikaja Februari 2025. Waasi wa M23 waliingia mjini, benki zikafunga, na kwa siku kadhaa sikwenda kazini kabisa. Tulikaa ndani, mapazia yameshushwa, tunasikiliza. Siku ya tatu au ya nne binti yangu aliniomba sukari ya chai. Nilikuwa na sukari. Nikamwangalia bila kusema kitu, kwa sekunde chache tu, akarudi nyuma hatua moja na kusema, "Basi, mama, haina neno." Hakuna dirisha, hakuna vyuma, hakuna deni. Sura ilikuwa imekuja yenyewe na kukaa.

Kwa hiyo miezi baadaye, mwenzangu wa idara ya mazoezi ya viungo aliponiambia kuna fundi mchongaji anafundisha watu kutengeneza vinyago vya nyuso zao, Jumamosi nne, chumba cha kuazima huko Nguba, sikuuliza bei.

Tulikuwa wanane. Mwalimu wa shule ya msingi, mama wa Kadutu anayeuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), wanafunzi wawili wa chuo kikuu, dereva, mjane mmoja ambaye hakusema kitu Jumamosi ya kwanza, mimi na huyo mwenzangu. Fundi mwenyewe ni kijana wa miaka 27 au 28, anatuita mama na papa, na anajua kutoa amri bila kuonekana anaamuru.

Ganda la plasta likishatoka usoni (linatoka lenyewe ukikunja pua na kupuliza mashavu, kwa sauti kama ya kung'oa gamboti kwenye tope), unalijaza udongo wa mfinyanzi, unaukandamiza kila pembe, unauacha ushikamane, kisha unalivua ganda. Hapo mbele yako unao uso wako wa udongo, macho yamefumba. Watu wengi walinyamaza walipouona. Mama wa sambaza alisema, "Kumbe nitakuwa hivi siku ile," akakichukua kikwembe (kitenge) chake cha begani akaufunika uso ule mpaka zamu ya karatasi ilipofika.

Lakini kabla ya karatasi niseme jambo moja nililoliona kwenye ganda lenyewe. Liinue, ligeuze, litazame upande wa ndani, ule uliogusa ngozi, ukiwa umesimama karibu na dirisha. Jicho linakataa kuona shimo. Linaona uso uliotokeza, mzima. Na ukisogea kushoto uso ule unageuka kukufuata. Ukienda kulia, nao unakuja. Fundi alitueleza kwamba ubongo umezoea nyuso zilizotokeza nje tangu utotoni, hata ukionyeshwa shimo unalisahihisha. Nilikubali maelezo, na bado nilikwenda na kurudi mbele ya dirisha lile mara sita au saba, nikifuatwa na mwanamke asiyefungua macho.

Sasa, sisi tulio Warega hatuwezi kusikia neno kinyago tukakaa kimya. Baba yangu alizaliwa upande wa Mwenga. Alikuwa katekista, na ukimuuliza habari za bwami, chama cha kimila cha Warega chenye madaraja, alikuwa anasema "vitu vya wazee, acheni vilale", halafu anaomba maji ya kunywa. Niliyoyajua kuhusu vinyago vya bwami sikuyapata nyumbani. Niliyapata ukubwani, kwenye Makumbusho ya Kivu ya Wamisionari Wasaveri hapa hapa Bukavu, nikiwa nimesimama mbele ya kabati la kioo kama mgeni kwetu.

Kile kinachoitwa lukwakongo ni kidogo kuliko unavyodhani. Kinaenea kiganjani. Ni mti, uso wa umbo la moyo uliopakwa udongo mweupe, macho membamba, na kidevuni ndevu ndefu za nyuzi. Nilipokiona mara ya kwanza nilijiuliza kitamfunika nani. Hakimtoshi hata mtoto. Nilikuwa nauliza swali la watu wa sinema. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi na Warega miaka ya 1950 na kuingizwa katika mambo ya bwami, aliandika kwamba vinyago hivi mara nyingi havikuvaliwa usoni. Vilishikwa mkononi, vikaburutwa kwa ndevu zake, vikawekwa utosini au penye paji, vikatundikwa kwenye uzio, vikapangwa chini pamoja. Kila namna ya kukishika ilikuwa na wimbo wake na methali yake, na maana ilikaa humo, katika kukishika na kuimba. Tena hakikuwa picha ya mtu. Mwanamume aliyefika daraja la yananio alikipokea kutoka kwa aliyemtangulia, naye akifa kinakwenda kwa mwingine. Kwenye daraja la juu kabisa, kindi, mume hafiki bila mke. Mke wake naye ana cheo chake, kanyamwa. Hilo la kanyamwa lilinifurahisha kupita yote, nikamtumia mume wangu ujumbe hapo hapo makumbushoni. Hakujibu.

Utawala wa Wabelgiji uliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Vinyago vikafichwa, vikauzwa, vikatolewa kwa mapadri, vikapanda meli. Na mnakumbuka Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja na kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, akakikabidhi kwa makumbusho ya taifa Kinshasa, siku chache kabla hajafika hapa kwetu Bukavu. Magazeti yaliandika kwamba amekikopesha, mkopo usio na kikomo. Mimi mtu wa kese nilicheka peke yangu. Nimeona mikopo ya kila aina pale dirishani, lakini kukopeshwa mali yako, hiyo nilikuwa sijaiandikia risiti.

Nimetoka kidogo njiani. Nilikuwa kwenye karatasi.

Fundi alituambia kila mmoja aje na karatasi kutoka kwake, ya kubandika juu ya uso wa udongo. Isiwe ya kung'aa, maana hiyo hainywi gundi. Isikatwe kwa mkasi, ichanwe kwa mkono, kwa sababu ukingo uliochanika una nyuzinyuzi na nyuzi hizo ndizo zinazoshikana. Ukingo wa mkasi unaacha mstari. Gundi ni unga wa muhogo uliopikwa kama uji mwepesi. Tieni chumvi, alisema, isiote ukungu wala isiite wadudu. Tabaka sita au saba, na kila baada ya mawili unaacha ikauke. Huku kwetu, na mvua hizi, kukauka si kwa saa bali ni kwa siku, ndiyo maana zilihitajika Jumamosi nne.

Wenzangu walileta mifuko ya saruji, magazeti, madaftari ya watoto. Mimi nilileta risiti.

Ofisi yetu ilihamia kwenye risiti za kompyuta zamani, na vitabu vya mkono, vile vyenye nakala za kaboni, vilirundikwa stoo vikingoja kuchomwa. Vilivyobaki vilikuwa vya mwaka 2016. Niliomba vitatu, nikapewa bila hata kuulizwa vya nini. Nyumbani nilikaa jioni mbili nikichana sehemu ya juu yenye jina na namba ya mgonjwa, na hizo nilizitia kwenye jiko la makaa moja kwa moja. Siri ya mgonjwa ni siri, hata ya deni lake. Zilizobaki, tarakimu na maelezo, nikaziweka kwenye mfuko. Ni karatasi nyembamba, laini, inakunywa gundi kama mkate unavyokunywa chai. Sikufikiria zaidi ya hapo, wallahi.

Jumamosi ya tatu, fundi akatupa zoezi lenyewe. Nje ya kinyago upake kile ambacho watu wanakiona kwako. Ndani upake kile usichowaonyesha. Akasema zoezi hili linafanywa pengi duniani, na akatutajia hospitali ya kijeshi ya Walter Reed huko Marekani, ambako askari walioumia ubongo kwa milipuko ya vitani hutengeneza vinyago vya namna hiyo, kwa sababu wengi wao hawawezi kulisema jambo lakini wanaweza kulipaka rangi. Akatuonyesha picha kwenye simu. Mdomo umefungwa kwa kufuli. Uso umepasuliwa katikati, nusu bendera, nusu fuvu. Mjane aliyekuwa hasemi akaomba simu ile, akaikuza picha kwa vidole, akaitazama muda mrefu. Jumamosi hiyo ndipo alipoanza kuzungumza nasi, na aliyoyasema nitayaacha mle chumbani.

Mimi zoezi lilinikaa vibaya. Sina imani na habari ya uso wa nje wa uongo na uso wa ndani wa kweli, kana kwamba ndani ya kila mmoja wetu amekaa mtu mwema anayengoja kufunguliwa mlango. Wale ninaowahudumia hawakutani na mtu wangu wa ndani. Wanakutana na ule wa dirishani, na kwao huo ndio mimi. Nilimwambia fundi hivyo. Akanijibu kwa heshima, "Basi, mama, uangalie tu ndani, hata usipake."

Nikakigeuza.

Tabaka la kwanza nilikuwa nimelibandika maandishi yakielekea udongo, bila kukusudia, labda kwa sababu upande wa nyuma wa karatasi ulikuwa mkavu zaidi kushika. Udongo uliposafishwa maandishi yalibaki yametazama ndani, yamefifia kidogo kwa gundi lakini yanasomeka. Mwandiko wangu. Nane yangu ninayoifunga vibaya, msalaba juu ya saba. Kwenye kipaji cha uso kulikuwa na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Kwenye shavu la kushoto, neno zima, kwa herufi kubwa zilizochapwa: SALIO. Kando ya pua, kwa kalamu ya bluu, "vikwembe 2". Na chini yake, mahali ambapo midomo yangu ilikuwa imekaza isicheke, "ameacha".

Ameacha vikwembe viwili.

Nilimkumbuka. Hapana, nisiseme uongo: nilivikumbuka vikwembe. Vilikuwa vipya, vimekunjwa vile vilivyotoka dukani, na kibandiko bado kipo. Vya kijani vyenye ndege. Vya mtu aliyevitunza kwa ajili ya sherehe. Alizaa, mtoto alikuwa mzima, likabaki deni la dola 14, akavipitisha chini ya vyuma kimoja kimoja kwa sababu viwili pamoja havikupita kwenye tundu. Nilivikunjua nikaangalia kama havina doa. Nikaandika. Nikagonga muhuri. Vilikaa kwenye kabati langu zaidi ya miaka miwili, hakurudi, na siku moja kabati lilisafishwa na mtu ambaye hakuwa mimi, na sikuuliza vimekwenda wapi.

Uso wa yule mama siukumbuki hata kidogo. Nimejaribu. Naona mikono tu, na ile namna ya kusukuma kitambaa kwa vidole viwili.

Zamu yangu ilipofika ya kukinyanyua kinyago na kukielezea, nilisema, "Hiki ni cha mtu wa kese," watu wakacheka, nami nikakaa. Nje nilikipaka nyeupe peke yake, chaki ya shule niliyoitwanga na kuikoroga na gundi. Wenzangu walitumia rangi zote zilizokuwepo; cha mama wa sambaza kilikuwa kama kanga ya Idi. Nilitaka kusema nimewaiga wazee wetu wa Urega, na pengine ni kweli kidogo, lakini zaidi ni kwamba kila rangi niliyoijaribu ilionekana kama kujipendekeza.

Nyumbani nilikitundika sebuleni, karibu na mlango wa chumba. Binti yangu ana miaka 7. Alisimama chini yake na mfuko wa shule bado mgongoni, akakitazama.

"Huyu njo mama wa ku kazi," akasema.

Baba yake akawa ghafla na shughuli kubwa ya kufunga kamba za viatu. Nikamuuliza binti, mama wa nyumbani naye yukoje?

"Ule anasemaka sana."

Akaenda kubadili nguo. Jioni aliniomba nikitoe pale kwa sababu kinamwangalia akipita. Nilimwambia kimefumba macho. Akasema anajua, lakini kinamwangalia. Nikakishusha, nikakiweka juu ya kabati la vyombo kikiwa kimelala kifudifudi.

Huko ndiko mende walikokikuta. Chumvi nilikuwa nimeitia kidogo mno. Siku ile ilikuwa imebaki ya mboga tu, nikaichagua mboga. Wiki mbili baadaye nilipokishusha kukifuta vumbi, mdomo wote ulikuwa umeliwa. Shavu zima, pua nzima, nyusi nzuri kabisa, lakini pale penye midomo pana tundu kubwa kama la kupitishia pesa. Mwenzangu wa mazoezi ya viungo alicheka hadi akakaa chini. Fundi nilimtumia picha. Akajibu kwamba mende hufuata mahali penye gundi nyingi, na midomo yangu niliirudia mara nyingi mno kuliko kawaida, nikiilainisha.

Jana nimepika gundi tena, mara hii kwa chumvi ya kutosha. Kwenye mfuko zimebaki risiti kama 30. Nilikaa na beseni mapajani nikazitoa nichane, na kabla ya kuchana ya kwanza nikaisoma. Ameacha redio. Salio, franka 8500. Ya pili, sufuria kubwa na mfuniko wake. Uji wa gundi ulipoa na kuganda juu nikiwa kwenye ya nne.